Uji wa Mama Keza

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoka nyumbani kwangu, mtaa wa Mbugangari, na thermosi ya uji wa mtama, nikarudi nayo kabla haijapoa. Mwanangu, usicheke bado. Mimi ni mtu wa ndani tangu ujana. Goma yote iko hapo puani na bado naijua zaidi kwa muziki unaoingia dirishani. Nikitoka, ujue kuna jambo.

Rafiki yangu Mama Keza alikuwa amejifungua mtoto wa pili. Mzazi hapa kwetu hupelekewa uji, unaketi, unambeba mtoto. Mimi na Mama Keza tuliimba kwaya pamoja, tukasukana nywele, tukacheka kofia za watu. Lakini mumewe alikuwa kiongozi wa mji, na ndiye aliyeamuru vibanda vya barabarani vibomolewe. Wengine walimsifu, njia inapitika. Wenye vibanda walimlaani, na kwa kuwa yeye hawakumfikia, wakamshika mke: eti anaringa, eti ndiye anayemwonyesha mume pa kubomoa. Mama yule hata kuku wake walikuwa hawamsikilizi!

Basi asubuhi hiyo, njiani penye bomba la maji, nikakuta wanawake watatu.

"Dada, ile uji iko ya nani?" mmoja akauliza.

"Ya tumbo yangu. Inaniuma."

"Tumbo ya litre mbili? Bon. Tulifikiri unaenda kwa bibi ya ule chef wa mji."

Wakacheka. Nikacheka nao, tena kuwashinda. Nikarudi, nikafunga mlango, nikaunywa wote. Tumbo likauma kweli.

Nikiwa dirishani nikamwona mukecuru mmoja, bibi kizee muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akipita na chungu cha uji kichwani. Kibanda chake kilikuwa cha kwanza kuanguka.

"Mukecuru, hata wewe unaenda kwa Mama Keza?"

"Mwenye alibomoa iko bwana. Mwenye alizaa iko bibi. Mi naenda kwa mwenye alizaa. Na we, si iko rafiki yako?"

"Nitaenda watu wakitulia."

Akanitazama kama samaki wa juzi. "Haya. Ungojee watu."

Nikangoja. Watu walitulia mwaka uliofuata, mume alipoondolewa kazini. Nikapika uji mwingine, mzito kuliko ule. Nilipobisha, geti likafunguliwa na mtoto niliyekuja kumbeba. Alikuwa anatembea.

Ndani, yule mukecuru alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, viatu pembeni, akichambua maharage ya nyumba hiyo. Mama Keza akanimiminia fanta, akaionja kwanza mbele yangu nione haina sumu, kama anavyofanyiwa mtu asiyejulikana, akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni," akasema.

Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Thermosi yangu ilibaki mezani, haikufunguliwa.

Mwanangu, utasikia mengi kuhusu wake za wakubwa. Kama humjui, nyamaza. Kama unamjua, sema unachokijua, hapohapo penye bomba, hata ukibaki peke yako. Na ukipika uji wa rafiki, upeleke siku hiyohiyo. Wanaokuchungulia watasahau kesho walicheka nini, yeye hatasahau nani hakuja.

Mungu akupe miguu isiyogeuka njiani. Na siku watu watakapokukwepa wewe, abishe mtu mlangoni kwako na uji ungali moto.