Nafasi ya Kidole

Mimi kazi ya shanga sikufundishwa, nilichapiwa. Mwalimu alikuwa shangazi, dada wa baba, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisifu kitu, hata mvua. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa maumivu ya viungo, kwa hiyo yeye alikaa akaelekeza na mimi nikashona. Tulichoshona ni utepe wa kichwani wa dada yangu, ambaye angeolewa mtama ukishavunwa.

Shanga alizileta baba kutoka upande wa Ihumwa, ambako askari wa Wajerumani walikuwa wamemswaga kwenda kuchimba njia ya reli. Alirudi na michirizi ya kiboko mgongoni na kifundo cha shanga kwenye pindo la nguo. "Za bibi harusi," akasema. Na mimi je? Hata kunitazama hakunitazama. Roho iliniuma, sioni haya kusema.

"Akiingia ukweni kichwa kitupu watamsimanga mpaka azeeke," shangazi aliniambia. "Na shanga nyingine hakuna. Haya, shona."

Nikaanza na uzi wa ganda la mti. Ukachambuka, ukakataa kupita kwenye matundu. Shangazi akaukata, akazimwaga shanga zote zizini. "Okota." Nikaokota moja moja kwenye mavi ya ng'ombe mpaka magoti yakachubuka. Nikajaribu ukano, ule mshipa wa mgongo wa ng'ombe unaotafunwa mpaka ulainike, kisha unachanwa. Nikauchana mnene, shanga mbili zikapasuka. Alinipiga mwiko wa vifundoni. "Kaka yangu kachapwa kwa ajili ya hizi, halafu wewe unazivunja! Okota!"

Dada naye alikuwa kaketi anapakwa mafuta, anacheka. "Jamani, mkimtegemea huyu nitaolewa nina mvi! Vidole hivyo ni vya kukandikia kuta za tembe."

Mwezi mzima hivyo hivyo. Mwishowe nikajua kuuchana ukano ukawa mwembamba kama unywele, na shangazi akanipa neno la mwisho la kazi. "Ukano mbichi unadanganya. Ukikauka unasinyaa, unabana. Ukimfunga mtu, weka kidole chako katikati ya utepe na kichwa, ndipo ukaze. Ukisahau hicho kidole, utamuua mtu."

Sikusahau. Asubuhi ya harusi nilimvisha dada, ukano ungali na unyevu, kidole changu kikiwa kwenye paji lake. Akakunja pua. "Fanya upesi, bwana. Unanuka mate."

Nikakitoa kidole. Nikavuta, nikapiga fundo.

Shangazi akatazama kwa mbali. "Safi," akasema. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Tukashika njia kuelekea Chimwaga, kwa mume, jua limesimama utosini. Hatukufika mbali dada akaanza kulia. Wanawake wakapiga vigelegele, maana kwetu bibi harusi asiyelia huonekana hana adabu. "Analia huyo! Kalelewa!" Mishipa ya kichwa ikamtoka. Kuugusa utepe hakukuruhusiwa, ni mwiko, mpaka mama mkwe amvue kwa mkono wake. Mimi nilijua anachokililia. Niliimba kuliko wote.

Tulipofika mama mkwe alijaribu kuuvua, wapi! Akachukua kisu. Utepe ukakatika na shanga zikamwagika mlangoni, kuku wakazivamia, na damu ikamshuka dada mpaka kidevuni. Mawifi wakaangua kicheko. Tangu siku ile wakawa wanamwita Mwaga-shanga, na jina hilo lilimng'ang'ania hata alipokuwa na wajukuu. Baba alipoambiwa aliinuka, akaenda zizini peke yake.

Miaka mingi baadaye dada alikuja kwangu na binti yake mkubwa. Alama ilikuwa pale pale, imemkata paji kutoka sikio hadi sikio.

"Mwanangu anataka kujua shanga," akasema. "Na hii kazi huku hakuna anayekushinda."

Nikatia ukano mdomoni, nikautafuna. Dada akakishika kidole changu cha shahada, akakigeuzageuza kama anayekikagua.

"Mfundishe vyote, mdogo wangu," akasema taratibu. "Hata kuacha nafasi ya kidole. Siku ile chako nilikisikia kikitoka."