Nyumbu Saba na Gari la Nusu Tani

Kwenye bonde la Tamarack, moto ukishika msituni, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Everett Sandvig. Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Watu walimwita Ev tu. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akifika uani kwako na gari lake la dizeli, lile refu la matairi sita, trela kubwa nyuma. Analirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni mwa banda kwa mkono mmoja, anashuka, anasema, "Wangapi?" Unamwambia wangapi. Anapakia, anaondoka. Ukimshukuru anasema si kitu, na kweli kwa sura yake ungedhani si kitu.

Kazi yake mwenyewe ilikuwa nyumbu. Si nyumbu wa mbugani, la, hawa ni wale ambao baba ni punda na mama ni farasi, wenye masikio marefu na akili ya kukusoma kabla hujafungua mdomo. Alikuwa nao saba. Walibeba chakula, misumeno na mahema ya walinzi wa msitu kwenye njia za milimani ambazo gari haliendi. Na alikuwa na farasi jike mmoja mweupe, Biddy, ambaye nyumbu wote walimfuata kama vifaranga. Nyumbu ndivyo walivyo. Mpe farasi jike wa kumpenda, hutahangaika kumfunga kamba. Mwondoe huyo jike, huna nyumbu tena, una wendawazimu saba wenye kwato.

Magoti ndiyo yaliyomwangusha. Gari la dizeli lilikuwa juu, na klachi yake ilitaka mguu wa kijana. Majira ya baridi yaliyopita alifika mahali akawa anapanda kwa kujivuta na usukani, halafu anakaa kwanza dakika nzima akipumua. Lorna, mkewe, alikuwa akimtazama dirishani.

"Ev, tutafute gari la watu," alimwambia. "Linalopandika. Kila wiki tunakwenda hospitali mjini, mimi nasikia meno yananicheza humo ndani."

"Na nyumbu?"

"Nyumbu hawaendi hospitali."

Akacheka, na mtu akishacheka kwa Lorna ameshashindwa. Mwezi wa pili dizeli ikauzwa kwa Bryce Amdahl, kijana wa chini ya bonde, na Ev akarudi nyumbani na pikapu mpya ya petroli, zile nyepesi wanazoziita nusu tani. Viti laini, kimya kama kanisa. Muuzaji alikuwa amemwonyesha karatasi: gari hili linavuta ratili elfu kumi na moja.

"Elfu kumi na moja," Ev aliwaambia wazee wenzake kwenye mkahawa, penye kahawa na mkate wa mdalasini.

"Karatasi inavuta," mmoja akamjibu. "Karatasi haina kilima."

Wakacheka, Ev naye akacheka. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwaambia. Trela yake kubwa, ile ya wanyama wanane, ina shingo ndefu inayopita juu ya mlango wa nyuma wa gari na kukaa katikati ya bodi, palipo na kichwa cha chuma cha kuifungia. Pikapu mpya haikuwa nacho, na hata ingewekewa, kiuno chake kisingebeba uzito ule. Kwa hiyo trela kubwa ilikaa kando ya banda, magugu yakaota magurudumuni. Ilibaki ile ndogo ya zamani, ya wanyama wanne, inayofungwa nyuma ya bampa. Ev aliona inatosha. Atakwenda mara mbili, basi.

Moto ulikuja Jumanne ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Simu ikalia. Alikuwa Peg Rasmussen, mama aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, na ambaye ndiye huandika orodha siku za moto: upande huu wanaohitaji kubebewa mifugo, upande ule wenye magari ya kubeba.

"Ev, uko hai?"

"Nipo, Peg."

"Haya. Bryce anaanzia kwa akina Kittredge. Wanasema moto bado uko nyuma ya ukingo wa bonde, tuna saa tatu, labda mbili. Wewe umejipanga?"

Ev alitazama nje, pikapu ikimeremeta.

"Nimejipanga," akasema.

"Najua. Nakuuliza kwa desturi tu." Akakata.

Lorna alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la picha mikononi. "Hukumwambia."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba safari hii wewe ni wa kubebewa."

"Wapo wajane kwenye orodha ile, Lorna. Wapo watu wana ng'ombe hamsini."

"Na wewe una nyumbu saba na gari la kwendea kanisani."

Ev akatoka nje. Akaanza kurudisha gari nyuma kwenye trela ndogo.

Alimchukua Biddy kwanza. Hesabu yake ilikuwa ya mtu anayewajua wanyama wake: jike akishatangulia, wale watakaobaki watakuwa na hamu, safari ya pili watajipakia wenyewe. Nyuma ya Biddy waliingia nyumbu watatu bila ubishi. Wanne wakabaki zizini, masikio yamesimama, wakimwita. Kelele ya nyumbu anayeita si ya farasi wala si ya punda, ni kama mlango mkubwa wenye kutu. Ev alijua wakipata upenyo watavunja mbio kufuata trela, na barabara imejaa magari. Kwa hiyo akafunga lango, akazungusha mnyororo, akaubana.

"Saa moja," aliwaambia. "Baada ya saa moja narudi."

Barabara ya kutoka bondeni ni ya changarawe, maili kumi na mbili, na katikati yake kipo kilima cha Stovepipe. Kupanda maili mbili, kushuka tatu. Dizeli yake ilikuwa ikikipanda kwa gia moja, ikinguruma chini chini kama mzee anayesali. Pikapu ilianza vizuri. Lakini nyuma ilibeba matandiko yote, masanduku, maji, na uzito wa trela ukikalia bampa. Mkia ukashuka, pua ikatazama mbinguni, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, mwepesi wa kutisha, kana kwamba magurudumu ya mbele yanapapasa tu. Gia ikajishusha. Ikajishusha tena. Injini ikapiga yowe.

"Ev, inalia," Lorna akasema kando yake.

"Naisikia."

Taa ya manjano ikawaka mbele yake, halafu nyekundu. Giaboksi imechemka. Hawakuwa wamefika hata nusu ya kupanda. Akaona sehemu pana ya kupishania, akalivuta gari pembeni kabla halijamfia katikati ya njia. Hilo ndilo alilolifikiria kwanza: nisiwazibie wenzangu.

Akazima. Akashuka. Nyuma yake vumbi lilikuwa linakuja.

Sasa, watu wa kule wana salamu yao ya barabarani: huondoi mkono kwenye usukani, unainua kidole kimoja tu. Gari la kwanza lilitokea, trela ya farasi, la mwanamke anayefuga mbuzi karibu na daraja. Ev akainua mkono. Yule mwanamke akainua kidole, akapita. Likaja la pili. Ev akainua mkono, kidole kikainuka, likapita. Dizeli moja baada ya nyingine zilipanda pale kama hakuna kilima, ng'ombe wakichungulia kwenye matundu.

Lilipopita la nne ndipo Lorna alipoelewa. Aliteremsha kioo.

"Ev! Wanadhani unaongoza magari!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila moto wa miaka iliyopita, pakiwa na mahali pabaya njiani, Ev Sandvig alisimama hapo kuwapitisha wenzake. Leo wamemwona pale pale, kofia yake ile ile, mkono juu. Nani angesimama kumuuliza? Walisikia hata moyo kutulia. Ev yupo.

"Fungua boneti basi," Lorna akasema. "Wakiiona iko wazi watajua."

"Haina faida. Si injini, ni giaboksi."

"Siyo kwa ajili ya giaboksi! Ni kwa ajili ya watu!"

Ev alitazama boneti. Hatua tatu tu. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai, lakini yeye hakuwa anaficha kwa kiburi, au kama kilikuwa kiburi kilikuwa kimekaa muda mrefu mpaka kikageuka tabia. Kila gari lililopita lilikuwa limejaa. Likisimama, la nyuma litasimama. Nitamwambia nani, na yeye ana nafasi gani? Nitasubiri ipoe. Itapoa.

Likaja gari lake mwenyewe la zamani, ile dizeli aliyoiuza. Aliisikia ngurumo kabla halijakata kona. Bryce alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, akivuta trela ya shingo ndefu yenye ndama wa akina Kittredge, na alipomwona Ev hakuinua kidole tu, alivua kofia kabisa. Akapiga honi mara mbili. Akapita, akapanda, akapotea.

"Angesimama," Lorna alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Yule angesimama, Ev."

"Najua."

Ndani ya trela Biddy alipiga teke ubavuni. Dakika ishirini. Ev aliwasha, taa bado nyekundu, akazima. Dakika thelathini. Majivu yakaanza kudondoka juu ya kioo, mepesi, ya kijivu, moja moja. Magari yakakoma. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko honi.

Gari la mwisho lilikuwa la askari wa kaunti, taa zinazunguka. Lorna hakungoja. Alifungua mlango akaenda akasimama katikati ya barabara, mkono mmoja umenyooshwa, kimama kile kifupi na sanduku la picha kwapani.

Askari alikuwa kijana, macho mekundu kwa moshi. "Mama, tafadhali, twende, twende! Nyuma yangu nimefunga barabara."

"Tuna wanyama wanne huko nyumbani. Lango limefungwa."

"Nimeambiwa bonde ni tupu. Orodha imeisha yote." Alimtazama Ev. "Bwana Sandvig? Mbona nilidhani wewe ndiye unayeongoza magari..."

"Limechemka," Ev akasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka siku ile. "Niache nirudi kwa miguu, nikafungue lango tu. Ni maili tano."

"Mzee, na magoti hayo?"

Ev alitazama barabara kule walikotoka. Moshi ulikuwa umekaa juu yake kama blanketi, miti haionekani.

Askari aliita kwenye redio. Gari la zimamoto lipo karibu na shamba la Sandvig, likafungue lango? Wakamwambia asubiri. Wakati huo taa ya pikapu ikarudi manjano, kana kwamba inamfanyia mzaha, na askari akamwamuru aondoke sasa hivi, polepole, yeye atamfuata nyuma. Wakapanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi, trela ikisukuma na breki zikinuka, lakini walifika.

Kwenye uwanja wa maonyesho ya mifugo Peg alikuwa na meza na daftari. Alimwona Ev akija akichechemea, akatabasamu.

"Huyo hapo nguzo yetu! Umebeba wa nani?"

"Wangu," Ev akasema. "Nusu yao."

Peg aliangalia daftari, akafunua ukurasa, akaurudisha. Jina la Sandvig lilikuwepo, upande ule wa wenye magari. "Ev. Ungeniambia. Nilikuwa na Bryce na trela tupu saa ile nakupigia, nikampeleka kwa Kittredge kuchukua ndama ishirini ambao wangeweza kushuka kwa miguu. Ungeniambia neno moja tu."

Redio ya askari ikakoroma. Sauti ya mtu aliyechoka ilisema daraja la juu limeshika moto, hakuna gari linalopita, watajaribu kumwaga maji kwa ndege upepo ukitulia. Hakuna aliyeuliza ndege itafunguaje mnyororo.

Bryce alikuja akikimbia kutoka mazizini, jasho na vumbi, akamshika Ev mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee wangu, asante. Nakwambia ukweli, pale Stovepipe nilikuwa natetemeka, ndama wananiyumbisha, nikakuona umesimama, nikasema aa, kama Ev yuko hapa basi mambo yako sawa."

"Hakuwa anaongoza magari, mwanangu," Lorna akasema. "Tulikuwa tumekwama."

Bryce aliwatazama mmoja mmoja. Alitazama pikapu, trela ndogo, farasi mweupe na nyumbu watatu. Alikuwa anawajua, alikuwa anajua wanapaswa kuwa wangapi. Akamwachia Ev mkono.

"Kwa nini hukunisimamisha?"

Peg alikuwa amenyanyua kalamu, askari amegeukia kwingine. Biddy alikuwa ametoa kichwa nje ya trela, ameuelekeza upande wa bonde, anaita, anasikiliza, anaita tena.

"Anataka maji," Ev akasema, akaenda kutafuta ndoo.