Salamu Mbele ya Maji

Ilianza siku ya jumamosi, saa tatu na robo ya asubuhi, katika ukumbi wa parokia hapa Mulongwe. Watu wanane, meza mbili, orodinateri moja ya kuchapia. Tulipaswa kuweka katika Kiswahili maneno ya aplikasyo ya simu ya mradi mmoja, itakayoonya watu mto ukijaa. Minye nilichukuliwa kwa sababu nachapa haraka, si kwa sababu kuna aliyetaka kunisikia.

Mkubwa wetu alikuwa mwalimu mstaafu mwenye kalamu tatu mfukoni. Aplikasyo yenyewe hakuwahi kuifungua. Onyo moja tu lilitukalisha saa mbili. Karatasi ya mradi ilisema: mafuriko, ondokeni sasa. Akakataa.

«Mutu mukubwa haambiwi ondoka kama mbuzi. Kwanza unamusalimia.»

Mama mmoja wa kwaya akaongeza: «Na jina la Bwana iwe mbele.»

Wote wakatikisa vichwa, wameshiba hekima yao. Nilijua simu inaonyesha mstari mmoja tu mpaka uiguse. Nikachapa: Baba na mama wapendwa, tunawasalimu kwa heshima kubwa katika jina la Bwana, na tunaomba kuwajulisha kwamba... Neno maji lilifika kwenye mstari wa nne, limechoka.

Saa kumi watu wa mradi wakatuma ujumbe wa majaribio, wenye maneno yetu. Nilikuwa kwa nyanya yangu, mama ya mama. Nyumba yake iko hatua chache na mto. Mara ya mwisho ulipofurika, alitolewa kwa dirisha. Aplikasyo nilimuwekea minye mwenyewe. Simu ikalia. Akaiangalia kwa mbali, akaigeuza uso chini, akaendelea kuchambua visamaki vyake vya ndagala.

«Ni nani, nyanya?»

«Watu wa kanisa. Iko wanasalimia.»

«Haufungue?»

«Weye, salamu inafunguliwa? Ingekuwa jambo, wangesema.»

Nilimdharau mwalimu na kalamu zake, na yule mama wa kwaya na sauti yake ya kupanda. Heshima yao ingemwacha nyanya yangu ndani ya maji, amesalimiwa vizuri. Lakini aliyejua katika ukumbi ule alikuwa mmoja, naye alikuwa anachapa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya misa, nilimuomba mlinzi anifungulie ukumbi. Nikafuta salamu yote, nikaandika: Maji inakuja. Toka sasa. Nikaituma kwa watu wa mradi. Kisha nikaingia kanisani, nikakaa kando ya mwalimu, nikamwambia nimeandika sentensi mpya mahali pa salamu.

Akasema ataisoma baada ya misa, aone kama inafaa.

Nikamwambia imeshaondoka.