Namba Bilioni Tisa za Profesa

Hebu mwone akiingia ofisi ya maji asubuhi: shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, shingo juu, salamu kwa kila meza. Wanamwita Profesa, maana hakuna programu asiyoikosoa, hata ya mwenzake aliye likizo.

Siku hiyo alitakiwa apitie namba zote za mita, tangu bilioni moja hadi bilioni kumi, achague zilizo halali, yaani zinazogawanyika kwa tisini na saba. Akaandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, akabonyeza, akanyoosha miguu. Punde si punde kompyuta kuu ikaganda, na kaunta zote zikaganda nayo. Wateja kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Profesa, imekufa?" dada wa kaunta akauliza.

"Muulize fundi umeme. Jana si ndiye alikuwa anachokonoa nyaya?"

Fundi umeme ni shemeji yake, mume wa dada yake. Neno likishatoka halina breki. Likafika kwa meneja, naye akamwambia fundi akusanye vifaa, kazi basi.

Kompyuta ilipowashwa tena, Profesa akaisoma programu yake, na jasho likamtoka. Alikuwa ameifungia range, ile amri ya kuhesabu namba, ndani ya list, yaani orodha. Range peke yake hukumbuka mambo matatu tu: inapoanzia, inapoishia, na inaruka ngapi. Namba huitoa ukiiomba, moja moja. Yeye aliiamuru izipange zote bilioni tisa kwenye kumbukumbu kwanza, kama mwenye kiu anayeuhamishia mto sebuleni. Ni kosa analowachekea wanagenzi kila siku. Akaifuta list, akaanzia namba halali ya kwanza, akaiacha iruke kwa tisini na saba. Kazi ikaisha chai yake ikingali ya moto.

"Mbona sasa inapumua? Umeifanyaje?" akauliza dada wa kaunta.

"Nimeipunguzia mzigo," akajibu, macho kwenye kibodi.

Fundi akapita na boksi la vifaa kifuani. "Shemeji, dada yako usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe. Na ahsante. Najua kama ungekuwepo kule ndani ungenitetea."

Uso ulimwaka Profesa hadi masikioni. Akajiinua, akagonga mlango wa meneja.

"Karibu, Profesa. Haya, sema."

Ungekuwa wewe umesimama pale, ungeanza na kosa la programu, au na lile la mdomo?