Maua ya Zumari

Raya Mansuri alikuwa na bustani Bigwa, kwenye kiwanja alichoachiwa na mama yake, pale barabara ya vumbi inapoanza kupanda mlimani. Kwanza alikuwa akiuza miche ya maua kando ya njia, kama wengi wa pale. Halafu siku moja akasimama mbele yake Bi Nasra, mwalimu mstaafu wa Kilakala, akamuuliza kama ana ua lolote ambalo halijapuliziwa dawa, ambalo kasuku anaweza kulila. Raya alidhani anataniwa. Lakini Bi Nasra alikuwa na kasuku wa kijivu kweli, jina lake Zumari, aliyeachwa na marehemu mumewe, na alikuwa amechoka kumlisha alizeti kavu mwaka mzima.

Ndivyo walivyoanza. Raya akapanda rosela, mrehani, maboga kwa ajili ya maua yake, na mlonge kando ya uzio. Alijifunza kwa kuuliza sana. Aliposikia kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, hata jani lake, aliukata mparachichi mchanga uliokuwa katikati ya bustani, na shangazi zake wakamsema kwa muda mrefu. Baadaye habari zikafika Dar es Salaam. Mtu mmoja aitwaye Fidelis, mwenye duka la vyakula vya ndege huko Mbezi, akawa anapokea boksi la maua ya Raya stendi na kuwagawia wenye kasuku.

Kazi ilimpa riziki, ila ilimwondolea utulivu. Ndege mwenye uzito usiozidi wa machungwa mawili hahitaji kosa kubwa ili afe. Raya alinusa majani kabla ya kuchuma, akayanusa tena baada ya kuosha, na alipokwisha kutuma mzigo alibaki akiitazama simu. Twalibu, mumewe, fundi seremala, alisema hata watoto wao hawajawahi kuogeshwa kama yale maua.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa upande wa pili wa uzio. Shamba lile lilikodiwa na Thobias, mtu wa Njombe, mkulima wa nyanya, mpole na mchapakazi. Nyanya zake zilikuwa zikishambuliwa na kanitangaze, yule funza anayetoboa jani na tunda, na bila dawa asingevuna kitu. Raya hakuweza kumkataza. Walikuwa wameelewana kwa maneno tu kwamba Thobias akitaka kupuliza, atamwambia siku moja kabla, ili avune mapema au aache kuvuna mpaka muda wa dawa upite.

Kisha mama mkubwa wa Raya akafariki Matombo. Raya alipanda huko na ndugu zake kwa njia mbovu, wakazika, wakakaa matanga, na aliporudi nyumbani jioni alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuzunguka bustani. Kesho yake alfajiri alichuma kama kawaida. Rosela zilikuwa zimefunguka vizuri, na mlonge ulikuwa umejaa maua meupe. Akaosha, akafunga. Boksi la Dar lilikwenda stendi, na fungu la Bi Nasra akampa Oscar, dereva wa bodaboda aliyezoea kumpelekea.

Raya alikuwa akisuuza vikapu wakati Martina, mke wa Thobias, alipokuja kumpa pole ya msiba. Walikaa, wakaongea habari za marehemu. Ndipo Martina akasema, bila kuona kama ni jambo kubwa, kwamba hata wao juzi walikuwa na siku mbaya: Thobias alipuliza nyanya, upepo ukageuka, ikabidi wafunge madirisha.

Raya aliweka kikapu chini. Akaenda moja kwa moja kwenye uzio, akashika tawi la mlonge, akaligeuza juani. Juu ya majani ya upande wa Thobias kulikuwa na madoa madogo yaliyokauka, meupe kama chumvi. Alikuwa amechuma gizagiza, hakuyaona. Tena alijua kwamba dawa ile huingia ndani ya jani, maji hayaiondoi.

Alimpigia Fidelis kwanza. Boksi lilikuwa bado njiani, basi lilikuwa limeshapita Mikese. Fidelis akasema atalipokea na kulifukia bila kulifungua, na kwamba wateja atawaambia ukweli hata kama watakasirika. Kisha Raya akampigia Bi Nasra. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Oscar alisema fungu amelikabidhi mkononi mwa mama mwenyewe, zamani tu.

"Rudi unichukue," Raya akamwambia. "Sasa hivi, kaka yangu."

Njia ya Kilakala si ndefu, lakini siku ile ilimrefukia. Kichwani alikuwa akipanga maneno atakayosema, na kila alipofika katikati yalivurugika. Alitumaini Bi Nasra hajalifungua lile fungu, kwamba ameliweka kwenye friji, kwamba anafagia uani na hasikii simu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Bi Nasra alikuwa amekwenda kliniki ya presha, jirani akamwambia, na simu huwa anaiacha ndani. Raya akazunguka upande wa kibarazani. Kibaraza kile kilikuwa na nondo kuanzia chini mpaka juu, na nyuma ya nondo, kwenye kitundu chake kikubwa, alikaa Zumari. Fungu la mlonge lilikuwa limening'inizwa mbele yake. Alikuwa ameshikilia kitawi kwa mguu mmoja, anakwanyua maua moja moja, taratibu, kama mtu mwenye muda wake.

"Karibu," kasuku akamwambia, kwa sauti ya Bi Nasra.

Raya aliingiza mkono kati ya nondo, haukufika. Akatafuta fimbo, akapata ufito wa kuangulia mapapai, akaupenyeza mpaka kwenye kitundu akijaribu kulivuta fungu. Zumari alishtuka, akapiga mabawa, akarudi nyuma. Fungu likachanika, nusu yake ikaanguka chini ya kitundu. Raya akavuta pumzi. Lakini ndege alipoona ufito umetulia, alishuka kwa mdomo na makucha, ngazi kwa ngazi, akaokota tawi lililoanguka, akaendelea. Kila Raya aliposogeza ufito alimtisha, na kila alipoacha, ndege alikula. Alimsemesha, akampigia mluzi, akamwita kwa jina, akamtolea kipande cha ndizi alichopewa na jirani. Zumari alikitazama kwa jicho moja, akarudia mlonge wake. Raya alijikuta analia huku anapiga mluzi.

Bi Nasra alimkuta hivyo.

"Shikamoo, Bi Nasra. Mwondolee yale majani kwanza, nakuomba. Yana dawa."

Bi Nasra hakuuliza. Alifungua kufuli, akaondoa kila jani, akamwaga maji ya zamani na kuweka mengine. Alipomaliza ndipo alipogeuka, na Raya akamweleza yote: msiba, uchovu, upepo, na kwamba hakuzunguka bustani kabla ya kuchuma. Hakumtaja Thobias kwa ubaya. Mkono uliochuma ulikuwa wa Raya mwenyewe.

Daktari wa mifugo alikuja, akampima ndege, akampa unga mweusi wa mkaa wa dawa kwa bomba dogo la sindano. Alisema hakuna la zaidi. Awe pahali penye joto, pasipo kelele, na wasubiri. Raya akasimama ili aondoke, maana hakuona haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ile.

"Kaa," Bi Nasra akasema. "Nimekukasirikia, lakini sitaki kukaa naye peke yangu."

Wakakaa. Mchana ule Zumari alijikunja, akavimbisha manyoya, akatapika. Mabawa yalilegea na mwili ukawa unatetemeka. Hakusema neno hata moja, na ukimya ule ulikuwa mgumu kwa Bi Nasra kuliko kutapika kwenyewe. Alisema kwamba tangu mumewe afariki hajawahi kuwa ndani ya nyumba hiyo bila kusikia sauti. Raya alikuwa akishika kitambaa cha joto, akikibadilisha kila kilipopoa. Jioni Twalibu akaja kumchukua, na kesho yake Raya akarudi tena, na siku iliyofuata. Njiani kila mara alikuwa na hofu ya kukuta kitundu kimefunikwa.

Ndege alipona. Asubuhi moja alipokea kipande cha papai, akakiangusha, akakidai tena. Daktari hakuweza kuapa kwamba kilichomuumiza ni dawa ya nyanya au kitu kingine, lakini Raya hakuhitaji kuambiwa. Bi Nasra alimshukuru kwa kukaa, akamwambia asimletee maua tena kwa sasa.

Thobias alipopata habari alikuja mwenyewe na kofia mkononi. Alisema alimkumbuka, lakini alijua yuko msibani, akaona si vizuri kumpigia mfiwa simu kwa habari za dawa. Walikubaliana Thobias apande mahindi yaliyobanana upande wa uzio ili yakinge upepo, na ampigie Raya simu hata kama Raya yuko makaburini. Milonge ya uzioni Raya aliing'oa yote. Bustani akaihamishia nyuma ya nyumba, ikawa ndogo kuliko zamani. Baadhi ya wateja wa Dar waliacha kuagiza. Wengine walibaki, kwa sababu Fidelis aliwaambia kwamba Raya mwenyewe ndiye aliyepiga simu kusema kosa lake.

Ilikuwa baada ya masika Bi Nasra alipompigia. Alisema Zumari amekuwa na hasira, anatupa alizeti chini. Kama kuna rosela kidogo, amletee. Mlonge hapana.

Raya alisimama bustanini muda mrefu na kisu mkononi. Alichuma, akanusa, akaosha, akanusa tena. Hakumpa Oscar fungu lile. Alikwenda nalo mwenyewe, na Bi Nasra akamkaribisha kibarazani, akamwekea chai na maandazi. Zumari alilipokea ua la kwanza, akalizungusha mguuni, akaanza kulirarua petali kwa petali.

"Kunywa chai, Raya. Inapoa."

"Ninakunywa, Bi Nasra," akasema, lakini kikombe hakukigusa, na macho hakuyatoa kwa ndege.