Rejeta ya Gari la Baba

Mwanangu, kuna asubuhi moja haijanitoka kichwani mpaka leo. Nilikuwa msichana, nimeitwa kuanza mafunzo ya uuguzi mkoa wa mbali, na nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba nisiporipoti kesho yake, nafasi anapewa mwingine. Basi liliondokea Nyegezi. Sisi tulikaa Ilemela.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao. Miaka ile ya tisini, magari ya mitumba yalipoanza kumiminika, naye akajipatia la kwake, limechoka hilo, jamani! Lakini alivyolipenda! Mama alikuwa akimtania, "Baba Kabula, si ulipose tu tujue moja?" Kabula ndiye mimi.

Gari lile lilikuwa linapungukiwa maji. Baba aliona tone chini ya rejeta, akafanya alichozoea kazini: akaloweka pamba kwenye mafuta, akaikandamiza pale penye unyevu, kama anaziba mtumbwi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. "Cheka tu," akasema, "litakufikisha."

Tukaondoka. Hata mjini hatujafika, mvuke huo! Nikaruka chini na kanga mkononi, nifungue mfuniko wa rejeta tuongeze maji haraka. Baba akanidaka mkono, akanivuta nusura nianguke.

"We Kabula! Unataka kuungua uso? Imechemka hiyo, haifunguliwi!"

"Baba, basi litaniacha!"

"Na likuache. Mimi nitasema nini kwa mama yako?"

Alikuwa hajawahi kunifokea vile. Nilimchukia kwa muda huo wote tuliokaa kando ya barabara, nakuambia ukweli. Alingoja mpaka akaweza kulaza kiganja juu ya injini, ndipo akafungua mfuniko taratibu, akamimina maji ya dumu.

Halafu akaanza kujicheka. "Kwenye mtumbwi huwa nanyunyiza majivu kwanza, nione maji yanaanzia wapi. Hapa nikarukia kuziba!" Akaomba unga wa muhogo niliopakiwa na Mama. Akakausha kila kitu kwa kitambaa, akanyunyiza unga, tukainama wote wawili. Kumbe rejeta haikuwa na kosa. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka kule juu, unapoingia kwenye injini, chini ya klampu yake, ile pete ya chuma inayoubana, na maji yakiteremka kwa upande wa chini wa mpira mpaka kwenye rejeta. Akakata ile ncha iliyopasuka, akausukuma mpira tena mahali pake, akakaza klampu. Akawasha, akachungulia. Pakavu.

Nyegezi tukakuta basi limeshaondoka. Nililia, we acha tu. Baba akaendelea kuendesha, jicho moja kwenye mshale wa joto. Tukalikuta huko mbele, Mkolani, linapakia abiria. Akashuka anakimbia, anapunga mikono yenye unga, watu wanamshangaa. Akanipandisha. "Nenda, mama," akasema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Sasa mwanangu, najua kwenu mmenuniana. Mtu akichemka usimfungue kwa maneno, hata kama una haraka ya kupatana. Mwache apoe. Akipoa, usikimbilie kuziba pale unapoona tone. Fuata mpaka pale linapoanzia, na mara nyingi ni mbali na ulikodhani. Ukigundua uliziba pasipovuja, jicheke kidogo, uanze upya, hakuna aibu.

Nilisoma, nikawa mkunga, nikarudi hapa Mwanza. Mikono hii imepokea watoto hata idadi siijui, na wewe ni mmoja wao. Ni kwa sababu kuna mzee aliyeudaka mmoja wa mikono hii kwa nguvu, nami nikamnunia.

Mungu akujalie mtu wa kukudaka mkono, mwanangu, na akujalie kumshukuru angali hai.