Picha ya Ukutani ya Mzee Gurbachan

Winrose Chepkemboi alikuwa amepiga picha za filamu mjini Nakuru tangu usichana wake, na hakuna bibi harusi wa Kaptembwo aliyewahi kulalamika kwamba alikatwa kichwa. Lakini mwaka wa 2007 filamu zilianza kuadimika madukani, wateja wakataka kujiona kwenye kioo cha kamera papo hapo, na mama wa watu ikabidi awe mwanafunzi tena, safari hii wa kamera ya dijitali.

Mwalimu wake alikuwa Zeddy, mpiga picha mwenzake wa kibanda cha jirani. Zeddy alipolazwa na nimonia mwaka uliotangulia, Winrose ndiye aliyewahudumia wateja wake, kisha akamkabidhi negativu zote bila kubakisha hata moja. Kwa hiyo hakuona haya kumwendea.

Alijifunza kwa tabu. Siku ya kwanza alichomoa kadi ya kuhifadhia picha ndani ya kamera, akaifunga kwenye karatasi nyeusi na kuificha mfukoni, jua lisije likaichoma kama filamu. Zeddy alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, hiyo haiogopi jua! Ogopa maji na watoto."

Akamfundisha kubonyeza kitufe nusu na kungoja picha itulie, na kutompiga mtu aliyeligeuzia dirisha mgongo. Walipofika kwenye ukubwa wa picha, alimwekea mwenyewe herufi S.

"Hapa usiguse. Ukiweka kubwa, kadi inajaa haraka. Na hii, utapiga hadi uchoke."

Winrose hakugusa. Yeye alijua negativu ni negativu. Ukitaka picha kubwa, fundi anaikuza. Tena kwenye kioo cha kamera picha zake zilipendeza kweli kweli.

Desemba akaitwa na Darshana, mke wa mwanawe mzee Gurbachan mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Siku zote familia hiyo ilimwita Zeddy, lakini wakati wa ugonjwa wake walimwonja Winrose wakampenda. Watoto wa mzee walikuwa wamerudi wote kutoka Uingereza na Kanada, mara ya kwanza tangu mama yao afariki, na mzee alitaka picha moja kubwa ya kutundika dukani. Winrose alijua kwamba akiipatia hii, nyumba nyingi za Wahindi zingemfungulia mlango. Aliwapanga kwa ustadi, akamchekesha mzee hadi meno yakaonekana. Kesho yake wageni wakapanda ndege.

Picha ilipokuzwa, nyuso zilitoka visanduku visanduku. Hukuweza kujua ndevu za mzee zinaishia wapi na nguo za mjukuu zinaanzia wapi. Darshana hakufoka, na hilo lilimuuma Winrose zaidi.

"Afadhali tungemwita Zeddy kama kawaida," alisema tu.

Fundi wa maabara ya picha aliitazama kamera akatikisa kichwa. "Mathe, ulipiga na S? Hiyo ni ya kuangalia kwa kompyuta. Ya ukuta unaweka L. Nani alikufunza?"

Hata hapo Winrose alimtetea Zeddy. Labda naye hajui, alijiambia, akaomba Mungu iwe hivyo njia nzima hadi kibandani. Kamera ya Zeddy ilikuwa mezani. Aliichukua, akabonyeza kama alivyofundishwa.

L.

"Zeddy, ulijua."

Zeddy aliendelea kukata picha za pasipoti, macho yake kwenye makasi. "Dada, tangu unishikie kazi nikiwa hospitali, wateja wangu wananiulizia wewe tu. Ulitaka nifanye nini?"

Winrose alihisi ameibiwa na mtu aliyempa ufunguo mwenyewe. Hasira ilimjaa, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kilio.

"Si ungekataa tu kunifunza? Ningenuna siku mbili, yaishe!"

"Ningekataa, ungeenda kwa mtu mwingine," Zeddy alisema. "Na huyo angekufunza vizuri."